Barua ya wazi kwa waandaaji wa mashindano ya gofu ya diski, Michigan magharibi: daraja la wanaoanza liacheni lisimame

Ndugu waandaaji,

Salamu kwanza. Barua hii mmeshaipata kwa Kiingereza. Nilimkabidhi mmoja wenu mkononi, na aliipokea vizuri. Hii ya Kiswahili naitoa hadharani kwa sababu ninaowasemea ni watu kumi na mmoja wa Grand Rapids. Wengi wao Kiingereza wanakitumia kazini, lakini jambo linalowagusa wanataka walisome kwa lugha yao. Wana haki ya kujua nimesema nini kwa niaba yao.

Ombi lenyewe nalitanguliza. Kwenye mashindano ya mwaka huu, daraja la mwisho, yaani MA4 kwa wanaume na FA4 kwa wanawake, liachwe lisimame peke yake hata likipata watu watatu tu. Msiliunganishe na daraja la juu yake usiku wa kuamkia mashindano kama ilivyotokea mwaka jana.

Kwa ndugu zangu mnaosoma na hamuujui mchezo huu, nieleze kidogo. Ni gofu isiyo na fimbo wala kipira. Unasimama kwenye kijukwaa cha zege, unarusha diski ya plastiki kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo, unaifuata ilikoangukia, unarusha tena kutoka hapo mpaka iingie kikapuni. Kila mtupo unahesabiwa. Vikapu kwa kawaida ni 18, kuvimaliza vyote ndio mzunguko mmoja, na mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Mwaka 1975 mtu aitwaye Ed Headrick alitengeneza uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, California. Kikapu cha minyororo nacho ni ubunifu wake, na mwaka 1976 akaanzisha chama cha PDGA, ambacho hadi leo ndicho kinachosimamia kanuni na madaraja. Hapa Michigan viwanja vingi viko kwenye bustani za umma, na kwingi huingii kwa kiingilio. Unahitaji diski na viatu visivyoteleza.

Ndivyo tulivyoanza sisi. Mimi ni mtu wa Kasulu, Kigoma. Wenzangu karibu wote ni Wakongomani waliopitia kambi ya Nyarugusu, iliyoko wilayani kwetu, kabla ya kuletwa huku. Tulikutana kanisani, kazini, kwenye misiba. Shemeji yangu ndiye aliyeniita uwanjani mara ya kwanza, na diski tatu za mitumba alizonunua kwa bei ya chakula cha mchana. Anafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha viti vya ofisi. Akitoka saa kumi na mbili asubuhi haendi kulala, anapitia kwanza bustanini anarusha vikapu tisa, halafu ndio anakwenda nyumbani. Aliniambia ule mlio wa minyororo diski inapoingia ndio unaomwondolea kelele za mashine kichwani. Nilimwelewa siku niliyoupata mlio huo mwenyewe.

Sasa nije kwenye madaraja, maana shauri lote liko hapo.

PDGA humpa kila mwanachama anayeshindana alama ya kiwango. Mchezaji hodari anayetumika kama kipimo huwa na alama 1000. Paul McBeth, bingwa wa dunia mara 6, amewahi kupita 1050. Sisi wachezaji wa ridhaa tuko chini huko, na tumegawanywa kwa mipaka ambayo kwa muda mrefu imekuwa hivi: MA1 hakuna kizuizi, MA2 lazima uwe chini ya 935, MA3 chini ya 900, MA4 chini ya 850. Kupanda daraja kwa hiari unaruhusiwa wakati wowote. Kushuka chini ya alama yako huruhusiwi. Alama inakokotolewa kutokana na mizunguko yako ya miezi 12, na ile robo ya mizunguko ya karibuni zaidi inahesabiwa mara mbili, kwa hiyo mtu anayeendelea kukua alama yake inamsukuma juu apende asipende. Ni mpango wa haki. Nimeshindana katika mambo mengi maishani, na ni mara chache nimeona mahali ambapo mtu wa miaka 52 aliyeanza juzi anaweza kulipa ada, akasimama kwenye kijukwaa asubuhi, na akajua kwamba wote aliopangwa nao wanahangaika na yaleyale anayohangaika nayo yeye.

Lakini mpango huo una maana pale tu mnapouacha ufanye kazi. Tofauti ya alama 10, kwa makadirio ya kawaida, ni mtupo mmoja kwa mzunguko. Shemeji yangu alikuwa na alama 781. Mwaka jana mlipounganisha MA4 na MA3, akajikuta kwenye kundi moja na mtu mwenye 894. Hiyo ni mitupo 11 kwa mzunguko mmoja, 22 kwa mizunguko miwili ya siku ile, kabla hata hajatoa diski mfukoni. Kwenye ngumi za ridhaa hakuna anayempandisha bondia wa uzito wa bantam ulingoni akapigane na wa uzito wa juu eti kwa sababu wale wa bantam walijitokeza watatu tu. Wakiwa watatu wanapigana watatu.

Nataka mjue ilivyokuwa kwenye kikapu cha 4, kwa sababu nilikuwa kundi la nyuma yao na niliona kwa macho yangu.

Walikuwa wanne. Watatu walirusha diski zao zikapita juu ya bonde zikatua karibu na kikapu. Ya kwake iligonga mti ikarudi. Ikamchukua mitupo minne kufika mahali palipobaki kama mita nane. Akainama, akapima, akarusha, minyororo ikalia. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Papo hapo mmoja wao akatamka kwamba amevuka kidiski cha alama, kile kinachowekwa chini ilipoangukia diski, kabla ya kutulia, na mwingine akathibitisha. Ndani ya mita 10 kutoka kikapuni kanuni inakutaka uonyeshe kwamba umesimama imara nyuma ya kidiski chako cha alama kabla ya kusogea mbele. Usipoonyesha, ni adhabu ya mtupo mmoja. Uamuzi wao ulikuwa sahihi, nami siupingi. Ila shemeji yangu hakujua ni kosa gani. Alisimama pale na diski mkononi, akiangalia uso huu na uso ule, na hakuna aliyemweleza, kwa sababu wale walikuwa wanashindania nafasi na kila mmoja akili yake iko kwenye kadi yake. Wakaandika 6. Wakaondoka kuelekea kikapu cha 5, yeye akafuata nyuma hatua kumi.

Hakusema neno mpaka mwisho wa siku. Kwenye gari nilimweleza ile kanuni. Akasema, "Kumbe. Basi wangeniambia."

Sikusudii kuwalaumu wale vijana watatu. Waliingia daraja lao, wakalipa, wakacheza kwa kanuni. Aliyewakutanisha na shemeji yangu ni karatasi iliyobadilishwa saa nne usiku.

Mimi nilipoanza, daraja hilo lilikuwepo, na lilinipokea vizuri. Mashindano yangu ya kwanza nilipangwa MA4 na mzee mmoja mwalimu mstaafu, fundi bomba mmoja na kijana wa sekondari aliyeletwa na mama yake. Kwenye kikapu cha 2 nilifanya kosa lilelile la shemeji. Yule mzee akaniita kando, akaweka kidiski chake chini, akasimama nyuma yake kwa mguu mmoja kama korongo, akahesabu moja, mbili, kisha akatembea. "Hivyo," akasema. Adhabu akaniandikia, maana kanuni ni kanuni, lakini nilikwishafundishwa, na sijalirudia kosa hilo mpaka leo. Kwenye kikapu cha 9 nilipoteza diski vichakani. Kanuni inatoa dakika tatu za kutafuta, na wote watatu waliingia vichakani na mimi, pamoja na yule mama. Walinionyesha namna ya kuandika jina na namba ya simu nyuma ya diski kwa kalamu ya wino usiofutika. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua: nimeokota diski yako, nikuachie wapi?

Nilimaliza wa sita kati ya tisa, na leo nacheza MA3 nikiwa na 868. Nimewaleta watu kumi kwenye mchezo huu, na kila mmoja nilimpa ahadi ileile: utapangwa na wenzako. Mwaka jana ahadi hiyo ilinishinda kuitimiza, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Baada ya mashindano nilipowauliza, mlinipa sababu tatu. Nimezifikiria kwa heshima kwa sababu najua mnajitolea. Mnafika uwanjani kabla ya jua, mnakata nyasi, mnabeba vikapu vya ziada begani, na hakuna anayewalipa kwa hayo.

Ya kwanza, kwamba waliojiandikisha MA4 walikuwa wanne tu. Lakini walikuwa wanne kwa sababu nafasi zilikwisha. Usajili ulifunguliwa siku ya kazi saa sita mchana, na dakika chache baadaye ukajaa wachezaji wa MA1 na MA2 waliozoea, wenye simu mkononi na siku hiyo imezungushiwa duara kwenye kalenda. Wetu walikuwa kiwandani, simu zimefungiwa kabatini. Saba walijaribu jioni wakakuta orodha ya kusubiri. Tungekuwa kumi na mmoja. Kwa hiyo uchache huo usihesabiwe kuwa dalili kwamba wanaoanza hawapo.

Ya pili ilikuwa zawadi. Mlisema daraja dogo halikusanyi ada ya kutosha kujaza meza ya zawadi. Hapo niruhusuni niseme wazi: hatuhitaji hiyo meza. Mchezaji wa ridhaa hashindanii fedha taslimu, anapewa diski, mifuko, vocha za duka. Toeni hayo yote kwenye MA4 na FA4. Punguzeni ada, wekeni kikombe kimoja cha kwanza, basi. Shemeji yangu hakwenda kutafuta diski ishirini. Alikwenda kujua yeye ni wa ngapi.

Tena kuondoa zawadi kutatibu ugonjwa mwingine, ambao hamkuutaja lakini kila mtu anaujua. Sisi tuliokulia kwenye mpira wa mtaani tuna jina lake: mamluki. Kwenye ndondo, timu ya mtaa inamleta mchezaji wa ligi kwa jina la bandia, anafunga matano, jioni anaondoka na bahasha yake. Huku mamluki hahitaji hata jina la bandia. Inatosha awe hajawahi kujiunga na chama. Asiye mwanachama hana alama, na asiye na alama anachagua daraja mwenyewe. Mwaka juzi MA4 ilichukuliwa na mtu aliyecheza ligi za jioni kwa miaka mingi, anayerusha mita 110 bila kutoka jasho. Matokeo yalipochapishwa, mzunguko wake wa kwanza ulikokotolewa juu ya 930, katika daraja ambalo mpaka wake ni 850. Aliondoka na diski nyingi hata akaomba mfuko. Wa pili wake alikuwa msichana wa chuo aliyecheza MA4 pamoja na wanaume kwa sababu FA4 haikuwepo, na ambaye siku ile alicheza mzunguko bora wa maisha yake. Sijamwona tena uwanjani.

Mamluki anafuata mfuko wa diski. Mfuko ukiondoka, hana atakachofuata kwenye daraja letu. Na kabla ya hapo, muulizeni tu. Fomu ya usajili iwe na swali moja kwa asiye na alama: umecheza miaka mingapi, na kwenye ligi gani? Nusu ya watu hao wana rekodi zao kwenye UDisc, programu ya simu ya kuandikia mitupo, na ligi nyingi za huku ni zenu wenyewe, mnawajua kwa sura. Mtu mzima akiulizwa swali hilo ana kwa ana, mara nyingi anajipandisha mwenyewe.

Sababu ya tatu ilikuwa muda, kwamba madaraja mengi yanachelewesha siku. Hiyo sikuielewa. Makundi yote yanaanza kwa wakati mmoja, kila kundi kwenye kikapu chake, na watu wanne wa MA4 wanachukua kikapu kimoja kilekile wawe wameandikwa MA3 au MA4.

Kuhusu akina mama nitasema kidogo, kwa sababu wenyewe wameniambia wataandika yao. Tunao watatu. Mwaka jana FA4 haikufunguliwa kabisa, wakaambiwa wachague kati ya FA3 na kucheza na wanaume wa MA4, ambayo nayo usiku ule ikawa MA3. Mmoja wao ni mama wa watoto wanne, alikuwa amebadilishana zamu mbili kazini apate siku hiyo. Alijitoa, na ada yake hakuidai. Mkimrudishia leo hata bila yeye kuuliza, mtakuwa mmefanya jambo jema.

Najua wako watakaosema kwamba mtu hukua kwa kucheza na waliomzidi. Ni kweli, na ndiyo sababu kanuni inamruhusu yeyote kupanda apendapo. Nilikwenda Milford, hapahapa Michigan, kuangalia mashindano ya ridhaa ya taifa kwenye uwanja wa Toboggan, katika bustani ya Kensington, nikawaona wa MA1 wakirusha kutoka kilimani mpaka diski inakuwa kama nukta angani, na nilirudi nyumbani na hamu ya kujifunza. Lakini nilikwenda kwa hiari yangu. Shemeji yangu alipandishwa akiwa amelala, akajua saa moja asubuhi aliposoma jina lake kwenye ubao.

Basi kwa mashindano ya mwaka huu naomba haya. Tengeni nafasi kumi na mbili za MA4 na nne za FA4, zisichukuliwe na daraja lingine mpaka wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Usajili wa madaraja hayo mawili ufunguliwe jioni, baada ya saa moja, au Jumapili mchana. Ada ipungue na zawadi iwe kikombe peke yake. Asiye na alama aulizwe. Na ikilazimika kuunganisha, basi mtu apigiwe simu siku tatu kabla, aamue mwenyewe kama anacheza au anarudishiwa ada yake.

Upande wetu tuna cha kutoa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakuja kufanya kazi ya uwanja: kufyeka, kumwaga vipande vya mbao kwenye njia zenye tope, kunyoosha nguzo zilizopinda. Watu kumi na mmoja wenye mikono iliyozoea kazi. Kijana wetu mmoja ameshaanza kuandika kanuni za msingi kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, ya kusimama ndani ya mita 10, ya sekunde 30 za kurusha, ya diski iliyotoka nje ya mpaka, ili mtu akipewa adhabu ajue kwa nini. Tukimaliza tutawaletea nakala muiweke mezani. Mimi mwenyewe nipo tayari kuacha kucheza MA3 siku hiyo, nitembee na makundi ya wanaoanza kama msaidizi wao mzunguko wote wa kwanza.

Shemeji yangu bado anapitia bustanini kila asubuhi akitoka kazini. Siku hizi akirusha ndani ya mita 10 anasimama nyuma ya alama, anahesabu mbili kwa sauti, halafu ndio anakwenda kuitoa diski kwenye kikapu. Ameniuliza mara mbili kama usajili umefunguliwa. Nimemwambia nasubiri jibu lenu.

Wenu katika mchezo,

Mchezaji wa MA3, mtu wa Kasulu,
Grand Rapids, Michigan